Kutoka Bechi Hadi Bash: Tafsiri Ambayo Si ya Neno kwa Neno

Najua wengine mtauliza, "Mambo ya kompyuta yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili?" Nami nasema yamefika kwao. Makala haya yanahusu tafsiri, na tafsiri ni kazi yetu. Tofauti ni moja tu: hapa hatutafsiri hadithi, tunatafsiri amri.

Chanzo cha mambo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 nayo haikubali mashine nyingi kuukuu, kwani inadai kifaa cha usalama ambacho mashine hizo hazina. Shule yenye kompyuta za zamani hubaki na njia chache. Inunue mpya, ikae bila ulinzi, au ihamie Linux, ambayo ni ya bure na haina makuu. Katika maabara yetu tulichagua Linux.

Lakini kuhama nyumba ni kuhama na vyombo. Miongoni mwa vyombo vyetu palikuwa na faili moja ya bechi. Faili ya bechi ni orodha ya amri zilizoandikwa pamoja ili kompyuta izitekeleze moja baada ya nyingine bila ya mtu kuzichapa kila mara. Zimekuwapo tangu enzi ya MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981. Hii yetu ilinakili kazi za wanafunzi kila jioni na kuzitia katika flashi. Si jambo dogo hilo! Karatasi ya tatu ya Computer Studies katika KCSE ni mradi, kazi ya miezi mingi. Mradi ukipotea na nakala haipo, hapana wa kumlilia.

Linux haielewi bechi. Yenyewe huzungumza Bash, lugha aliyoianzisha Brian Fox mwaka 1989. Basi ikabidi tutafsiri.

Faili yenyewe

Hii hapa, kwa ufupi:

@echo off
rem Nakili kazi za wanafunzi
set CHANZO=C:\kazi
set HIFADHI=E:\kazi
if not exist %HIFADHI% mkdir %HIFADHI%
for %%f in (%CHANZO%\*.docx) do copy "%%f" %HIFADHI%
if errorlevel 1 goto KOSA
echo Kazi zimehifadhiwa.
goto MWISHO
:KOSA
echo Kuna kosa.
:MWISHO
pause

Msamiati wa kwanza

Yako maneno yanayotafsirika bila taabu. Yakariri haya:

copy huwa cp
move na ren huwa mv
del huwa rm
dir huwa ls
type huwa cat
cls huwa clear
rem huwa alama ya #
%JINA% huwa "$JINA"

Mstari wa @echo off hauna haja, maana Bash kwa kawaida yake haitangazi kila amri inayoitekeleza. Neno goto nalo halimo kabisa katika Bash. Kule kwenye bechi unairusha programu kutoka mahali hadi mahali kwa lebo. Huku unapanga mambo kwa if, else na fi. Mie naona hivi ni afadhali, kwa sababu msomaji anasoma kutoka juu hadi chini bila kurukaruka.

Jihadhari pia na nafasi. Katika Bash, alama ya = haitaki nafasi kushoto wala kulia. Ukiandika JINA = Ali, itadhani JINA ni amri, iitafute, iikose, ikulalamikie.

Maneno yanayofanana kwa sura tu

Hapa ndipo penye utamu. Mtu wa Mvita akisema "kuteka", ana maana ya kucheka. Mgeni aliyesoma Kiswahili sanifu atamtafutia ndoo akateke maji kisimani! Neno ni moja, maana ni mbili. Kompyuta nazo ziko hivyo hivyo.

Chukua find. Katika bechi, find hutafuta maandishi ndani ya faili. Katika Linux, find hutafuta faili zenyewe ndani ya folda. Ukitaka maandishi, sema grep. Chukua time. Katika bechi hukuonyesha saa na kukuruhusu kuibadilisha. Katika Bash hupima amri fulani imechukua muda gani. Ukitaka saa, sema date. Anayetafsiri kwa kuangalia sura ya neno atapotea njia mchana kweupe.

Mitego minne

Wa kwanza ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, MRADI.DOCX na mradi.docx ni faili moja. Kwa Linux ni mbili mbalimbali. Ukiiambia Bash inakili *.docx, ile ya herufi kubwa itaachwa kimya kimya, wala hutaambiwa. Dawa yake ni mstari wa shopt -s nocaseglob.

Wa pili ni majina yenye nafasi. Faili iitwayo "mradi wa duka.docx" isipofungwa kwa alama za kunukuu itasomwa kama faili tatu. Kila "$f" uivishe nguo zake.

Wa tatu ni flashi. Kwa Windows, flashi isipochomekwa, E: haipo na amri hushindwa waziwazi. Katika Linux flashi huonekana kama folda tu, mathalan /mnt/flashi. Folda hiyo huwapo hata flashi yenyewe isipokuwapo! Skripti ikiendeshwa na msimamizi wa mashine, itatia kazi zote humo, yaani ndani ya diski ile ile ya kompyuta, kisha iseme mambo sawa. Siku diski ikifa, kazi na nakala zake zinazikwa kaburi moja. Amri ya mountpoint huuliza kwanza kama kweli kuna kitu kimepachikwa pale.

Wa nne ulikuwamo tangu zamani katika bechi yenyewe. Tazama tena: if errorlevel inaulizwa baada ya kitanzi kwisha. Kwa hiyo inapewa habari ya faili ya mwisho tu. Faili kumi zikishindwa na ya mwisho ikafaulu, utaambiwa "Kazi zimehifadhiwa." Ni sawa na mkaguzi wa feri ya Likoni anayemtazama abiria wa mwisho akishuka, kisha akatangaza kwamba wote wameshuka salama. Tafsiri sisisi ingeuhamisha ugonjwa huu pamoja na mgonjwa. Ndiyo maana mfasiri huanza kwa kuuliza mwandishi alikusudia nini. Makusudio yalikuwa kila kazi ihifadhiwe, na moja ikikosa tujue.

Tafsiri kamili

#!/bin/bash
# Nakili kazi za wanafunzi
shopt -s nocaseglob
CHANZO="/home/maabara/kazi"
FLASHI="/mnt/flashi"
HIFADHI="$FLASHI/kazi"
kosa=0
if ! mountpoint -q "$FLASHI"; then
  echo "Flashi haipo. Ichomeke kwanza."
  exit 1
fi
mkdir -p "$HIFADHI" || exit 1
for f in "$CHANZO"/*.docx; do
  cp "$f" "$HIFADHI" || kosa=1
done
if [ "$kosa" -eq 0 ]; then
  echo "Kazi zimehifadhiwa."
else
  echo "Kuna kosa. Iko kazi haikunakiliwa."
fi
read -p "Bonyeza Enter kumaliza. "

Zile alama mbili || maana yake ni "la sivyo": nakili, la sivyo andika kwamba kuna kosa. Kigeu kosa kinaanza na 0. Ikishindwa hata faili moja kinakuwa 1, na hakirudi 0 tena. Hapo mkaguzi wetu amehesabu abiria wote.

Ihifadhi kwa jina la hifadhi.sh, uipe ruhusa kwa chmod +x hifadhi.sh, kisha uiite kwa ./hifadhi.sh. Ikiwa uliiandika kwa Notepad ya Windows, huenda ikakataa kwa sababu kila mwisho wa mstari una alama iliyojificha. Ing'oe kwa amri hii:

sed -i 's/\r$//' hifadhi.sh

Na usiiamini mpaka uijaribu. Chomoa flashi uone kama italalamika. Weka faili ya herufi kubwa, na nyingine yenye nafasi katika jina. Kisha fungua zile nakala uzisome kwa macho yako.

Kazi hii na Kiswahili

Kuleta kompyuta kwenye Kiswahili si jambo jipya. Mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, ilitolewa na mradi uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi hatujafika huko, lakini tazama skripti yetu: majina ya vigeu na ujumbe wote ni wa Kiswahili, na Bash haikununa. Amri ni za wenyewe. Maelezo ni yetu. Mwanafunzi akiambiwa "Flashi haipo" anaelewa mara moja la kufanya.

Zoezi

1. Katika bechi, ren *.txt *.bak hubadilisha majina ya faili zote kwa mkupuo. Kwa nini mv *.txt *.bak haifanyi hivyo katika Bash? Andika kitanzi kitakachoifanya kazi hiyo.
2. Skripti yetu itasema nini ikiwa folda ya kazi haina faili hata moja ya .docx? Je, ni jibu la haki?
3. Tafuta amri nyingine inayofanana kwa sura katika bechi na Bash lakini ina maana mbili.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Lakini kabla hujalivunja, ndugu yangu, hakikisha una nakala. Majibu ya zoezi yaletwe mkutanoni, tuyajadili kwa pamoja. Kuuliza si ujinga.