Mama mdogo si mgeni

SWALI: Mama mdogo anakuja Mudaka kutoka Uvira, Jumamosi na Jumapili tu. Watoto wanampenda sana. Tumtembeze Bukavu, au tukae naye nyumbani?

JIBU: Kaeni naye nyumbani, na mpeni kazi pamoja na watoto. Lugha yetu yenyewe inatuelekeza: dada ya mama inamwita mama, na mama huzoeleka jikoni na sokoni kuliko garini. Jumamosi aende na watoto soko la Mudaka wakanunue sambaza. Samaki hao walitolewa Ziwa Tanganyika, wakapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ni ndugu wa ndagala wanaoliwa kwao Uvira. Awaonyeshe watoto jinsi wanavyopikwa huko, waliwe kwa bugali na sombe, naye asimulie utoto wa mama yao. Hadithi hizo watoto hawawezi kuzipata kwa mwingine yeyote.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mgeni hupumzishwa siku mbili, jembe ni la siku ya tatu. Methali hiyo ni ya haki, lakini inamhusu mgeni. Mama mdogo akikalishwa kwenye kiti cha heshima hadi Jumapili jioni, ataondoka akiwa ameheshimiwa bila kujulikana. Akichoka, apumzike, kutwanga sombe kidogo hakumnyimi mtu usingizi. Bukavu haihami, lakini utoto unapita.