Uliza usingizi, usiulize upande: namna ya kumpokea askari wa zamani anayetafuta msaada



Somo la safari hii linatoka Dilala, mojawapo ya komini mbili za mji wa Kolwezi, jimbo la Lualaba. Tumeliandaa kwa ajili ya vikundi vya amani, wakuu wa mitaa, wachungaji, wauguzi na akina mama wa jumuiya. Mwishoni mwa somo, kila mshiriki aweze:

- kutambua dalili za kiwewe kwa mtu aliyepitia vita;
- kueleza kwa nini askari wa zamani wengi hunyamaza;
- kumpokea anayekuja kuomba msaada, na kumfikisha mahali panapofaa.

1. Tunazungumza juu ya nani?

Mji wetu una askari wa zamani wa vizazi vingi. Wakati wa kujitenga kwa Katanga, kuanzia 1960 hadi 1963, palikuwa na jeshi la jandarma wa Katanga. Wengi wao walikimbilia Angola. Baadhi yao, pamoja na vijana waliojiunga nao huko, walirudi na silaha mwaka 1977, kisha wakaingia Kolwezi Mei 1978. Jeshi la Mobutu lilipigana nao, na tarehe 19 Mei 1978 askari wa miamvuli wa Ufaransa walishuka mjini. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hizo leo ni mzee mwenye wajukuu.

Halafu ilikuja vita ya AFDL ya 1996 na 1997, na watoto walioitwa kadogo. Ikafuata vita ya 1998 hadi 2003. Baada ya hapo kaskazini mwa Katanga iliumizwa na vikundi vya Mai-Mai. Leo mtaa mmoja unaweza kuwa na aliyekuwa FAZ, aliyekuwa Tigre, aliyekuwa kadogo na aliyekuwa Mai-Mai. Wote wanachota maji kwenye bomba moja na kusali kanisa moja.

Serikali ilianzisha mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani mwaka 2004, na mwingine, P-DDRCS, mwaka 2021. Mipango ya namna hii hutazama kwanza silaha, kitambulisho, fedha ya kuanzia na ufundi. Hayo ni ya lazima. Lakini mtu anaweza kurudisha bunduki, akapewa cherehani, na bado asilale usiku.

2. Kiwewe kinajionyesha vipi?

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika rasmi ugonjwa huu katika orodha yake, baada ya kuona hali ya askari waliotoka Vietnam. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko jina lake. Dalili zake ni za namna nne:

a) Vita inarudi yenyewe: ndoto za kutisha, au kuona na kusikia tena mambo ya zamani kana kwamba yanatokea sasa.

b) Kukwepa: mtu hataki kupita mahali fulani, kuona nguo za kijeshi, au kusikia habari za vita.

c) Moyo kufungwa: huzuni, aibu, kujilaumu, kutojali hata watoto wake.

d) Mwili kuwa macho daima: kushtuka, hasira ya ghafla, kukaa akitazama mlango, usingizi kukatika.

Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi au nyumba, mtu anahitaji msaada.

Hapa Kolwezi kuna jambo la kuangaliwa kwa pekee. Migodi ya wazi hupasua mawe kwa baruti, na nyumba zilizo karibu hutikisika. Kwa jirani ni kelele tu. Kwa aliyepigwa mabomu, mwili unarudi vitani kabla akili haijapata nafasi ya kusema "ni mgodi". Mke anayemwona mumewe akijitupa chini asidhani kwamba ni mapepo au ulevi.

Tusisahau pia jeraha la kichwa. Mlipuko unaweza kuacha maumivu ya kichwa na usahaulifu wa muda mrefu. Kwa hiyo daktari apime mwili pia.

3. Kwa nini hawasemi?

Sababu tunazozisikia katika ziara zetu ni hizi.

*Heshima ya kiume.* Askari alifundishwa kwamba anayelia ni dhaifu.

*Jina la wazimu.* Mtu akionekana kwa muganga wa akili, mtaa mzima utamwita kichaa, na binti yake atakosa mchumba.

*Maelezo mengine.* Familia husema amerogwa, au damu ya aliyemuua inamfuata. Basi hupelekwa kwenye chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji. Wengine hujitibu kwa lutuku.

*Upande.* Hii ndiyo sababu nzito kuliko zote katika mji wetu. Mtu akisema "naota ndoto mbaya", swali la pili huwa: "Ndoto za nini?" Na la tatu: "Ulikuwa wapi? Ulipigana na nani?" Kueleza ugonjwa kunakuwa kukiri jeshi alilokuwamo, na pengine jirani anayemsikiliza alipoteza ndugu kwa jeshi hilo hilo. Kwa hiyo anachagua kunyamaza.

4. Mlango wa kwanza

Mara nyingi askari wa zamani haji akisema "nina kiwewe". Anakuja kwa mlango wa pembeni. Anaomba dawa ya kichwa. Anamuuliza mchungaji kama Mungu husamehe kila dhambi. Au mke wake ndiye anayekuja, akisema siku hizi analala kwa watoto. Anayempokea siku hiyo ndiye mlango wa kwanza. Ukifungwa vibaya, anaweza kukaa miaka bila kubisha tena.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja anafika kituo cha afya mara ya tatu kwa maumivu ya kichwa. Malaria haikuonekana. Muuguzi anaweza kumpa vidonge na kumwaga. Anaweza pia kufunga mlango, kuketi, na kusema: "Papa, usiku munapata usingizi?" Mzee akijibu "kidogo tu", muuguzi anaendelea: "Ni kitu gani kinawaamusha?" Hakuna aliyeuliza jeshi wala mwaka. Mzee mwenyewe ataamua afike wapi.

Kanuni tunazofundisha ni hizi:

1. Uliza usingizi, usiulize upande. Usingizi, chakula, hasira na pombe vinatosha kukuonyesha hali yake.

2. Usimlazimishe kusimulia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumfanya mtu asimulie yote kwa kikao kimoja baada ya tukio baya. Kusimulia kunaponya kukifanywa hatua kwa hatua, na mtu aliyefundishwa.

3. Tunza siri. Yaliyosemwa yasiende kwenye mahubiri, hata bila jina. Mtaa utamtambua.

4. Uliza juu ya kujiua, kwa upole na wazi: "Papa, kuna siku munawaza heri kufa?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kunamfungulia njia ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, silaha na sumu ziondolewe karibu naye, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

5. Usimnunulie vidonge vya usingizi dukani. Diazepamu bila daktari huleta utumwa, na ikichanganywa na lutuku inaweza kuua.

6. Mlinde mke na watoto. Kiwewe kinaeleza hasira, lakini hakihalalishi kipigo. Nyumba ikiwa hatarini, usalama wao ndio wa kwanza.

5. Apelekwe wapi?

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya, kisha daktari wa hospitali ya rufaa, kama Mwangeji hapa Kolwezi. Kwa hali nzito, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain huko Lubumbashi, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo. Ni safari ya kilomita 300 hivi. Nauli, chakula na mtu wa kumsindikiza ni mzigo, na hapo kikundi cha mtaa kinaweza kuchanga.

Je, tiba inasaidia? Ndiyo. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu vijana 85 waliowahi kuwa watoto askari. Waliosaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi leo, walipata nafuu kuliko wengine. Waliowasaidia hawakuwa madaktari bali watu wa hapo hapo waliopewa mafunzo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kama huo juu ya wapiganaji wa zamani mashariki mwa nchi yetu, nao ulionyesha dalili za kiwewe zikipungua.

6. Kwa nini hii ni kazi ya amani?

Tuseme wazi: wengi wenye kiwewe hawamdhuru mtu yeyote. Wanaumia kimya. Lakini kijana asiyelala, asiye na kazi, anayeona kwamba ni porini tu alikoheshimiwa, ni rahisi kumwita tena. Na baba asiyepona huwafundisha watoto wake hofu bila kusema neno. Tukimsaidia aliyekuwa adui yetu apate usingizi, tumeanza upatanisho hata kabla ya mkutano wowote.

Zoezi kwa vikundi (dakika 45)

Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja awe muuguzi au mkuu wa mtaa, mwingine awe askari wa zamani anayelalamika kichwa. Zungumzeni dakika kumi bila kutaja jeshi, kabila wala mwaka. Kisha badilishaneni.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, askari wa zamani akiumia, anabisha mlango wa nani kwanza? Kwa nini huyo?
2. Ni maneno gani tunayotumia yanayomfanya aogope kuitwa kichaa?
3. Kama aliyekuja kuomba msaada alipigania upande uliotuumiza, ni nani kati yetu anaweza kumpokea, na nani aombe mwenzake amsaidie?
4. Tunaweza kuchanga nini kila mwezi kwa ajili ya nauli ya mgonjwa mmoja na msindikizaji wake?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe kwenye karatasi. Hao waliotajwa ndio wa kualikwa kwenye mafunzo yajayo.