Mzee Hospitalini Hana Ugonjwa Mmoja

Mzee aingiapo hospitali, mara nyingi huingia na maradhi mengi kwa pamoja. Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 75, mwenyeji wa Newala, aliyeteremshwa kutoka uwanda wa Makonde hadi hospitali ya Ndanda, wilayani Masasi, kwa sababu ya homa ya mapafu. Pamoja na homa hiyo ana presha, ana kisukari, magoti yamwuma, na macho yamefifia kwa mtoto wa jicho. Baada ya siku 10 mapafu yamepona. Lakini alikuja akitembea, na sasa anabebwa. Jamaa husema, "Ni uzee tu." Je, ndivyo?

Sivyo daima. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba wazee wenye afya njema, waliolala kitandani siku 10, walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Ikiwa mzima hupungukiwa hivyo, mgonjwa je? Miguu ikidhoofu, mzee huanguka. Akianguka, huogopa kusimama. Asiposimama, hupata vidonda vya kulalia, na hushindwa kuwahi choo. Tena dawa za maradhi matatu au manne zikikutana mwilini, huweza kumtia kizunguzungu au usingizi.

Liko na jambo jingine liwatishalo jamaa. Mzee aliyekuwa na akili timamu huanza kuweweseka usiku, asimjue hata mwanawe. Wako wadhanio kwamba amerogwa. Kumbe ni kuchanganyikiwa kwa ghafula, kunakoletwa na homa, upungufu wa maji, maumivu au dawa. Yafaa mwuguzi aambiwe mara moja.

Tena hali hiyo huweza kuzuiwa. Mwaka 1999 Dakta Sharon Inouye na wenzake walitoa habari za wagonjwa 852, wenye miaka 70 na zaidi, katika hospitali ya New Haven, Marekani. Kati ya waliotunzwa kwa desturi ya kila siku, 15 katika kila 100 walichanganyikiwa. Kati ya waliopewa utunzaji wa pekee, hawakuzidi 10. Utunzaji huo ulikuwa nini? Kutembezwa, kunyweshwa maji, kuvaa miwani yao, kukumbushwa siku na mahali, na kuachwa walale usiku.

Basi, kazi hizo si ngeni kwetu. Katika hospitali zetu jamaa ndiye akaaye na mgonjwa, amlishe na kumwogesha. Aongeze haya machache. Aje na miwani na mkongojo wa mzee. Alete dawa zote atumiazo, hata za miti shamba, daktari azione. Kila asubuhi aulize, "Leo aweza kuketi? Aweza kusimama?" Akiruhusiwa, amshike mkono wafike mlangoni. Amwambie leo ni siku gani, wako wapi, na nani waliomsalimu kutoka nyumbani.

Kazi hii yataka mtu mzima mwenye nguvu. Twajua msimu wa korosho kila mkono unatakiwa shambani, na mara nyingine hupelekwa mtoto mdogo kumwuguza bibi. Mtoto hawezi kumwinua. Wana wa mzee wapeane zamu. Siku chache za shamba hulipika, bali miguu ya mzee ikishapotea ni shida kuirudisha.