Akiba ya Damu: Somo la Daktari Charles Drew



Mama amejifungua usiku. Damu inamtoka, haikomi. Ndugu wamemfikisha hospitali. Daktari anasema, "Anahitaji damu upesi." Hapo ndugu wanaanza kutafutana. Mmoja yuko shambani. Wa pili damu yake haipatani na ya mgonjwa. Wa tatu anaogopa sindano. Na saa zinakwenda.

Wengi wetu vijijini tumeliona jambo hili, au tumelisikia. Wahenga walisema akiba haiozi. Ndiyo maana tunaweka mahindi ghalani kabla ya njaa. Je, damu nayo inaweza kuwekwa akiba? Leo tutajifunza juu ya daktari aliyelifanya swali hilo kuwa kazi yake.

Alijifunzaje udaktari?

Charles Drew alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Washington, Marekani. Alikuwa mtu mweusi. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia. Charles alipokuwa mtoto aliuza magazeti mitaani ili apate senti kidogo.

Alitaka kuwa daktari, lakini palikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni fedha. Alipomaliza chuo mwaka 1926, alifanya kazi miaka miwili katika mji wa Baltimore. Alifundisha elimu ya viumbe na michezo, akaweka akiba ya karo. Kizuizi cha pili ni ubaguzi. Siku zile vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havikuwapokea watu weusi. Basi, mwaka 1928 akaenda nchi ya Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill. Alihitimu mwaka 1933.

Je, alipohitimu aliacha kusoma? Hapana. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunaelewa jambo hili: elimu haina mwisho. Mwaka 1938 alikwenda New York kujifunza zaidi, na huko ndiko alikoingia katika kazi ya damu.

Kwa nini damu huharibika?

Damu ikitoka mwilini huganda. Mwaka 1914 waganga waligundua kwamba ukitia dawa iitwayo sitrati, damu haigandi. Lakini hata ikitiwa dawa na kuwekwa mahali pa baridi, siku zile ilidumu kwa siku chache tu. Basi, kwa damu, wahenga hawakupata: akiba hii huoza!

Chukua mfano wa maziwa. Ukiyaacha yatulie, mafuta hupanda juu. Damu iliyotiwa dawa nayo hujitenga. Chembe nyekundu huzama chini. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano. Maji hayo huitwa plazma.

Chembe nyekundu zina kazi ya kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Hizo ndizo huharibika mapema. Tena damu za watu si za kundi moja. Daktari Karl Landsteiner wa Austria aligundua jambo hilo na kulitangaza mwaka 1901. Makundi makubwa ni manne: A, B, AB na O. Mgonjwa akitiwa damu isiyopatana na yake, chembe hizo huvunjika, naye anaweza kufa.

Plazma hudumu zaidi. Haibebi hewa kama chembe nyekundu, lakini hujaza mishipa. Mtu aliyepoteza damu nyingi mishipa yake hulegea, kama mpira wa baiskeli uliopungua upepo. Moyo unapiga, lakini hauna cha kutosha cha kusukuma. Plazma humsaidia mgonjwa asife wakati bado anatibiwa.

Drew alipima mambo haya mojamoja. Damu ya chupa ya namna gani hudumu zaidi? Baridi iwe kiasi gani? Ikitikisikatikisika safarini inakuwaje? Majibu aliyaandika katika kitabu cha masomo yake juu ya akiba ya damu. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa shahada ya juu ya udaktari. Hakuna Mmarekani mweusi aliyeipata shahada hiyo kabla yake.

Elimu yatiwa kazini

Mwaka huohuo wa 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikipiga mabomu miji ya Uingereza. Majeruhi walikuwa wengi. Hospitali za New York zikaanza kukusanya damu ili kuwapelekea plazma, na Drew akaitwa kusimamia kazi hiyo. Aliweka taratibu kali za usafi, maana chupa moja yenye vijidudu ingeweza kuua mtu badala ya kumponya. Watu zaidi ya 14,000 walitoa damu.

Mwaka 1941 Drew alisimamia benki ya damu ya Msalaba Mwekundu katika mji wa New York. Lakini sikilizeni ajabu hii. Mwanzoni watu weusi walikataliwa kutoa damu kwa ajili ya askari. Mwaka 1942 wakakubaliwa, ila damu yao iliwekwa mbali na ya wazungu! Drew alisema wazi kwamba sayansi haina msingi wowote wa kufanya hivyo. Maana kundi A la mtu mweusi ni kundi A lilelile la mzungu. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliacha desturi hiyo mwaka 1950.

Drew alikuwa amekwisharudi Washington mwaka 1941, kufundisha madaktari wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Howard. Tarehe 1 Aprili 1950 alikuwa akiendesha gari safari ndefu pamoja na madaktari wenzake. Usingizi ukamchukua, gari likapinduka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 45. Wako wanaosema alikufa kwa sababu alinyimwa damu kwa rangi yake. Si kweli. Madaktari wazungu walijitahidi kumponya, lakini aliumia mno.

Na kwetu je?

Siku hizi damu huwekwa katika mifuko yenye dawa, ndani ya friji maalumu. Huweza kudumu mpaka siku 35. Lakini dawa na friji havitengenezi damu. Damu hutoka kwa watu tu.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akitoa, hutolewa karibu nusu lita, na mwili huirudisha. Hapa Tanzania mtoaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mganga humpima kwanza. Ikionekana damu yake ni pungufu, haitachukuliwa. Sindano ni mpya, haijatumiwa na mtu mwingine. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa.

Ndugu zetu, turudi kwa yule mama. Kama wanakijiji wachache wangalitoa damu wiki iliyopita, angaliikuta friji ina damu. Kumtafuta mtoaji wakati mgonjwa yuko kitandani ni kama kulima siku ya njaa. Basi tusingoje kuitwa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini Drew alifanya kazi miaka miwili kabla ya kwenda kusoma udaktari?
2. Plazma ni nini? Inamsaidiaje mgonjwa?
3. Kwa nini damu ya mgonjwa hupimwa kundi kabla ya kutiwa damu nyingine?
4. Katika kijiji chenu watu wanaogopa nini juu ya kutoa damu? Mtawajibu nini?
5. Mwulizeni mganga wa zahanati: watu wa kijiji chetu watoe damu wapi, na siku gani?