Kuvunja Motokaa Kuukuu ili Kuunda Nyingine

Katika nchi ya Uingereza iko desturi moja ambayo humshangaza mgeni. Mtu mwenye kazi yake ya kawaida, pengine karani au mwalimu wa shule, hununua motokaa kuukuu ambayo bodi yake imeliwa na kutu. Huisukuma mpaka ndani ya banda lake, akaivunja kipande kwa kipande. Kisha kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, kila apatapo nafasi jioni na Jumamosi, huunda kwa vipande vile motokaa nyingine kabisa, ndogo, nyepesi, yenye mbio nyingi. Fremu na bodi hununua kwa kampuni izitengenezazo. Injini, gia, ekseli, usukani na breki hutoka katika ile kuukuu. Motokaa ivunjwayo huitwa mtoaji, maana yatoa viungo vyake ili nyingine ipate kwenda.

Desturi hii ilienea kwa sababu ya kodi. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alileta sokoni motokaa iliyoitwa Seven. Siku zile serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya motokaa iliyokamilika, bali vipande vilivyouzwa ili mnunuzi aviunge mwenyewe havikutozwa kodi hiyo. Husimuliwa kwamba kampuni ilikatazwa kumpa mnunuzi maagizo ya kuunga, basi ikampa maagizo ya kuvunja, naye akayasoma kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Mwaka 1973 kodi ile iliondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake, na faida ikatoweka; mwaka uo huo Lotus iliiachia kampuni ya Caterham haki ya kuitengeneza Seven. Walakini watu walikuwa wamekwisha kuonja utamu wa kazi yenyewe, wala hawakuiacha.

Mwaka 1996 mwalimu mmoja Mwingereza, Ron Champion, alitoa kitabu cha kueleza jinsi mtu awezavyo kujiundia motokaa ya namna ile kwa pauni 250 tu, akichomelea fremu kwa mikono yake na kutumia vyombo vya Ford Escort kuukuu. Jina la Escort si geni kwa watu wa Afrika ya Mashariki: ndiyo iliyomshindia Hannu Mikkola mashindano ya Safari mwaka 1972, na Björn Waldegård mwaka 1977. Lakini Escort za miaka ile sasa zatafutwa sana na wapenda vitu vya kale, na bei yake imepanda hata kuivunja iliyo nzima ni ubadhirifu. Kwa hiyo waundaji wengi wamegeukia Mazda MX-5 ya Kijapani. Hiyo ilianza kuundwa mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja. Injini yake iko mbele na nguvu yaenda magurudumu ya nyuma, kama ilivyokuwa kwa Seven. Tena bodi yake hushikwa na kutu mapema kwenye vizingiti vya milango na juu ya magurudumu ya nyuma, hali injini ingali na nguvu. Motokaa ya namna hiyo, iliyooza nje na kuwa nzima ndani, ndiyo imfaayo mvunjaji.

Kabla ya kutoa fedha, yampasa mnunuzi kuhakikisha mambo mawili. Kwanza, kwamba muuzaji ndiye mwenyewe. Kadi ya usajili huko Uingereza yaonyesha ni nani atunzaye motokaa, wala si hati ya kuimiliki. Huenda imeibwa, au ina deni ambalo halijalipwa, na mwenye kudai aweza kuja kuitwaa hata ikiwa imekwisha kuwa vipande sakafuni. Pili, kama motokaa iliharibika katika ajali, yafaa kuuliza kampuni ya bima iliiweka katika fungu gani. Ya fungu A yote lazima isagwe, hata vyombo vyake haviruhusiwi kutumika tena. Ya fungu B vyombo vyake vyaweza kutolewa, lakini bodi lazima iharibiwe.

Ni heri kununua motokaa inayokwenda. Mtu ataiendesha maili chache kabla ya kuishika kwa spana, na katika safari hiyo atajifunza mambo ambayo hataweza kuyajua chombo kikiwa juu ya meza. Gia yalia ikiingizwa? Moshi ni wa samawati? Basi injini yachoma oili yake. Maji ya radieta yapungua bila kuvuja chini? Hapo gasketi ya kichwa cha injini yashukiwa. Usukani wavuta upande mmoja? Huenda mkono mmoja wa springi umepinda kwa pigo la zamani. Yote haya yaandikwe katika daftari siku ile ile. Injini iliyolala miaka mitatu chini ya mti huuzwa rahisi, nayo mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote.

Kazi ya kuvunja huanza na betri, waya wa hasi kwanza. Motokaa zenye mfuko wa hewa ndani ya usukani hazifai kuguswa mahali hapo mpaka betri imekatwa na muda wa kutosha umepita, kwa maana mfuko ule hufumuka kwa baruti, na umeme hubaki kidogo ndani hata baada ya kukata waya. Petroli itolewe nje, mahali penye upepo, mbali na taa na jiko, kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa ya kawaida na hutambaa chini kutafuta moto. Maji ya radieta yenye dawa yakingwe chomboni. Yana ladha tamu, na mbwa akiyanywa hufa. Ama jeki, hiyo ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya motokaa iliyosimama juu ya jeki peke yake, bali aweke kwanza vikalio vya chuma vilivyo imara. Watu wamekufa kwa kudharau jambo hili dogo.

Nati kubwa za katikati ya magurudumu zilegezwe wakati motokaa ingali imesimama juu ya magurudumu yake, na mtu wa pili akikanyaga breki. Mara nyingi mwanafunzi husahau, akaondoa breki kwanza, kisha ekseli ikawa yazunguka mkononi mwake kila ashikapo spana. Bolti iliyoshikwa na kutu isilazimishwe. Inyunyiziwe mafuta mepesi ya kupenya kutu, iachwe mpaka kesho yake, igongwe kidogo kwa nyundo, inyunyiziwe tena. Ikikataa hata hapo, nati itiwe moto mpaka itanuke. Bolti iliyokatika ndani ya chuma hula siku nzima ya mtu.

Kila kitolewacho kipigwe picha kabla ya kutolewa. Bolti za mahali pamoja ziwekwe katika mfuko mmoja, na juu yake kiandikwe jina la chombo na upande wake, kushoto au kulia. Nyaya za umeme zisikatwe kamwe. Kila kichwa cha waya kifungiwe kipande cha karatasi chenye maandishi, kisha nyaya zote zivutwe nje pamoja kama mzizi wa mhogo, bila kukatika. Mtu akatazaye nyaya kwa mkasi ili apate kumaliza upesi hujitafutia miezi ya kukisia rangi gani iliungana na rangi gani.

Bodi ikibaki tupu, viti, milango, vioo na turubai la juu huuzwa kwa wenye motokaa za aina ile. Mwenye subira hurudisha sehemu kubwa ya fedha aliyoitoa, na ni faida hiyo, wala si kitu kingine, iifanyayo kazi nzima kuwa rahisi. Fundi wa Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, iliyoitwa zamani Grogan Road, hahitaji kufundishwa habari hiyo.

Sasa yaja kazi ya kuvifanya vyombo vizee kuwa vipya, na hapo ndipo uhai wa mwendeshaji ulipo. Kila chombo husafishwa kwa sabuni ya kuondoa grisi na brashi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane. Si kwa ajili ya urembo. Chini ya grisi na rangi ndipo ufa hujificha. Kutu ya juu juu huondoka kwa msasa na haidhuru. Lakini kutu iliyochimba mashimo katika mkono wa springi au katika boriti ishikayo magurudumu imepunguza unene wa chuma, wala hakuna rangi iwezayo kuurudisha. Chombo hicho kitupwe. Kupaka rangi kusifike penye uzi wa bolti, wala penye nyuso mbili zikutanazo, kwa sababu rangi huchakaa upesi kwa mtikiso, na bolti iliyokuwa imekazwa sana huwa imelegea.

Breki zastahili uangalifu kupita vyombo vyote. Katika motokaa za zamani kama zile Escort, vitambaa vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Vumbi hilo lisipulizwe kwa hewa, bali liloweshwe na kupanguswa kwa kitambaa kitakachotupwa. Kalipa ikifunguliwa, pistoni yake itazamwe penye mwanga: ikiwa na mashimo ya kutu, inunuliwe mpya, maana itakata raba mara moja. Raba zenyewe hubadilishwa zote, hata zile zionekanazo nzima. Ndani ya breki hakuoshwi kwa petroli wala kwa oili ya injini. Hivyo huvimbisha raba, na breki iliyofungwa vizuri leo yaweza kushika yenyewe, au kukataa kushika, baada ya majuma machache. Spiriti au mafuta ya breki yenyewe ndiyo yafaayo. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka katika hewa, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi haitumiki. Mipira na mabomba ya breki yote yawe mapya. Hapa mtu asihesabu shilingi.

Springi za mviringo hukaa zimebanwa kwa nguvu nyingi. Zisifunguliwe bila kifaa cha kuzibana, kwa kuwa springi iliyoponyoka huweza kuvunja taya la mtu. Baada ya kazi yote hiyo, springi za mtoaji mara nyingi hazitumiki! Ziliundwa kuchukua motokaa ya kilo 900 au zaidi, na motokaa mpya huenda isizidi kilo 600. Zikitiwa, itarukaruka barabarani kama punda mwenye mzigo usiofungwa. Basi springi na vizuia mtikiso hununuliwa vipya. Kwa sababu iyo hiyo, wengi huondoa msaada wa mafuta katika usukani wa MX-5, kwa kuwa motokaa iliyo nyepesi mbele haiuhitaji.

Injini iliyokwenda vizuri isifunguliwe yote kwa udadisi. Ibadilishwe oili, plagi, na mkanda uendeshao kamshafti, pamoja na pampu ya maji iliyo karibu yake. Maana injini ikiwa juu ya benchi kazi hiyo ni ya saa chache, na ikiwa ndani ya motokaa ni ya kutoa jasho. Mwenye injini ya MX-5 ya miaka ya kwanza, 1989 mpaka 1991, atazame ncha ya mbele ya krenkshafti. Ncha ile ni fupi, na kijiti kishikacho puli yaweza kulegea na kupanua nafasi yake mpaka shafti yote ikaharibika. Sanduku la gia lisilolia hubadilishwa oili na sili zake tu. Beringi za magurudumu huzungushwa kwa mkono, nazo zikikwaruza kama zenye mchanga hazifai tena.

Nati zenye plastiki ndani, ambazo hujikaza zenyewe, hutumika mara moja tu. Mikanda ya kiti iliyovaliwa katika ajali haitumiki kabisa, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kunyooshwa hata kama jicho halioni.

Kazi ikiisha, motokaa haiendi barabarani kwa ruhusa ya mwenye kuiunda. Huko Uingereza hupelekwa kwa wakaguzi wa serikali, ambao tangu mwaka 2009 hupima kila motokaa ya namna hiyo peke yake: breki, taa, usukani, moshi, hata kingo kali ziwezazo kumkata mpita njia. Risiti za vyombo vyote huonyeshwa kwa wasajili. Motokaa ambayo asili ya vyombo vyake haikuweza kuthibitishwa hupewa namba ianzayo kwa herufi Q, ambayo hupunguza bei yake siku ya kuuzwa. Nayo bodi tupu ya mtoaji, iliyosimama uani ikingoja, hupelekwa kwa mvunja vyuma mwenye leseni, naye hutoa cheti cha kwamba imeharibiwa. Cheti hicho huwekwa pamoja na risiti nyingine.