Kome wa Kufugwa na Maji Yanayowalea

Kome ni mnyama wa baharini mwenye mwili laini uliofichwa ndani ya magamba mawili, ambaye hujishikiza kwenye mwamba au kamba kwa nyuzi imara anazozitoa mwenyewe. Tofauti na kuku au samaki wa bwawani, kome wa kufugwa halishwi: akishakua huchuja lita kadhaa za maji ya bahari kwa saa na kunasa humo chembe za chakula, hasa fitoplanktoni, yaani mimea midogo sana inayoelea majini bila kuonekana kwa macho. Mfugaji huchagua mahali, idadi ya kome katika kila kamba na wakati wa kuvuna. Yaliyobaki huamuliwa na maji. Jambo hilo linaonekana wazi nchini Hispania, inayoongoza kwa ufugaji wa kome katika Umoja wa Ulaya, ambako kome wa aina moja, Mytilus galloprovincialis, hufugwa katika pwani mbili na kupatwa na mambo yasiyofanana hata kidogo.

Ghuba za Galicia

Katika jimbo la Galicia, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ufugaji wa kome kwa vyelezo ulianza miaka ya 1940 katika ghuba ya Arousa, na sasa vyelezo zaidi ya 3,000 vimetia nanga katika ghuba za eneo hilo. Chelezo ni fremu kubwa ya mbao za mkaratusi inayoelea juu ya maboya, na chini yake huning'inizwa kamba zipatazo 500, kila moja ikifika hata mita 12 kwenda chini. Kome wachanga, ambao wengi wao hubanduliwa kwenye miamba ya pwani, huviringishiwa kwenye kamba kwa wavu mwembamba unaooza wenyewe baada ya siku chache, wakati ambapo wanyama hao wamekwisha kujishika kwa nyuzi zao. Miezi kadhaa baadaye kamba hupandishwa na kome hugawanywa katika kamba nyingine, kwa kuwa wakibanana mno hunyang'anyana chakula na walio pembeni huporomoka kwa uzito.

Utajiri wa ghuba hizo hutokana na upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba, pepo za kaskazini huvuma sambamba na pwani, na kwa athari ya mzunguko wa dunia maji ya juu husukumwa kuelekea bahari kuu, nafasi yake ikachukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini yakiwa na naitreti na virutubisho vingine. Kwenye mwanga wa jua virutubisho hivyo hustawisha fitoplanktoni. Jambo la namna hiyo hutokea pia katika pwani ya Somalia wakati wa kusi. Kwa hiyo baridi ya maji, ambayo mtu angeidhania kuwa kikwazo, ndiyo inayokuja na chakula, na kome wa Galicia huweza kufikia ukubwa wa sokoni katika muda wa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Majira ya baridi huleta tatizo jingine. Mvua kubwa zinapojaza mito, maji matamu, ambayo ni mepesi kuliko ya chumvi, hutanda juu ya ghuba kama blanketi, na kome aliye karibu na uso wa maji hufunga magamba yake ili kujikinga. Akiwa amefunga, hali wala hapati oksijeni ya kutosha, na hali hiyo ikidumu hukonda au hufa, ilhali mwenzake aliye mita chache chini kwenye kamba ileile anaendelea kula.

Delta ya Ebro

Upande wa Mediterania, katika ghuba za Alfacs na Fangar kwenye delta ya mto Ebro, maji ni ya kina kifupi na hayabadilishwi upesi na bahari, hivyo hupashwa na jua haraka. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mwili wa kome unavyotumia nguvu nyingi zaidi, lakini uwezo wake wa kuchuja chakula hauongezeki kwa kiasi hichohicho. Hatimaye hupungua, na mnyama huanza kula akiba yake mwenyewe. Joto likizidi nyuzi 28 za Selsiasi kwa siku nyingi mfululizo, vifo vya halaiki hufuata, kama ilivyotokea katika majira ya joto ya mwaka 2022, ambapo hata kome wachanga wa msimu uliofuata waliangamia. Wafugaji wa huko hujitahidi kuvuna kabla joto halijafikia kilele, na baadaye hulazimika kununua kome wachanga kutoka mbali. Maji ya joto hubeba pia oksijeni kidogo, kwa hiyo madhara mawili huja pamoja.

Bahari kuzidi kuwa na asidi kwa kufyonza hewa ya ukaa ni jambo linaloenda polepole zaidi kuliko joto hilo, ingawa majaribio ya maabara yameonyesha kuwa nyuzi za kome hudhoofika katika maji ya namna hiyo.

Sumu isiyomdhuru kome

Baadhi ya fitoplanktoni, kama vile Dinophysis, hutengeneza sumu ambayo kome huikusanya mwilini bila yeye kudhurika, lakini humwendesha mlaji na kumtapisha, na kupika hakuiondoi. Katika Galicia hatari huongezeka hasa vuli, pepo za kaskazini zinapolegea na maji ya bahari ya nje kuingia ghubani yakiwa na fitoplanktoni hizo. Taasisi ya INTECMAR hupima maji na nyama ya kome mara kwa mara, na kiwango cha sumu kikipita mipaka ya kisheria, uvunaji katika eneo husika hupigwa marufuku. Kome huachwa kwenye kamba, wakati mwingine kwa wiki nyingi, wakiendelea kuchuja maji yaleyale hadi yabadilike na sumu iishe miilini mwao.