Hata Baba Yake Alichelewa Kusema

Kauli hiyo, "hata baba yake alichelewa kusema", imewapotezea watoto wengi mwaka mzima, wakati mwingine miwili. Bibi au shangazi huisema kwa mapenzi, amtulize mama. Lakini kama mtoto ametimiza mwaka na ukimwita hageuki, au ana mwaka na nusu na bado hanyooshi kidole kukuonyesha kuku anayepita, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, usingoje. Mpeleke kliniki na kadi yake, umweleze muuguzi hayo uliyoyaona nyumbani. Huenda ni dalili za usonji (autism), na mizani ya kliniki haiuonyeshi. Ni wewe utakayesema.

Omba kwanza apimwe masikio, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto. Hakuna kipimo cha damu cha usonji: daktari humtazama mtoto akicheza, na hukusikiliza wewe. Usonji haukuletwa na chanjo, wala kulogwa, wala malezi yako. Mama asibebeshwe lawama hiyo.

Wataalamu ni wachache, na wengi wako mijini. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na anayefundisha si lazima awe bingwa. Ulizia hospitali ya wilaya.

Wakati unasubiri, anza na kikombe cha uji. Usimpe papo hapo. Chuchumaa, kishike mbele ya macho yake, sema "uji", kisha nyamaza uhesabu moyoni hadi tano. Akikitazama, akinyoosha mkono au akitoa sauti yoyote, mpe mara moja huku ukisema tena "uji". Hapo ameomba. Kesho rudia, na baba na dada wafanye vilevile.

Akikaribia umri wa shule, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Zipo shule za msingi za serikali zenye kitengo cha watoto wenye usonji, kama Msimbazi Mseto, Dar es Salaam. Uliza mapema, nafasi hujaa.

Na mama alale. Mtoto asiyelala usiku humchosha mlezi hadi akaugua, kwa hiyo pangeni zamu. Yule bibi aliyesema mtoto atasema tu, naye mpeni zamu ya kikombe.